Hesabu zamu, usihesabu damu: jibu kwa aliyekwama vitani kwenye Baldur's Gate 3

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nacheza Baldur's Gate 3 kwa ugumu wa juu uitwao Tactician, kikosi changu kiko leveli ya 4. Nimekwama kwenye ukumbi wa bosi Dror Ragzlin ndani ya kambi ya magoblini, pambano lile nimelirudia zaidi ya mara kumi. Mhusika wangu ni Rogue (mvizia), niko na Lae'zel mpiganaji, Shadowheart kuhani na Gale mchawi. Gale anaanguka raundi ya kwanza au ya pili, Shadowheart anaishia kuponya tu, na mwisho tunazidiwa kwa wingi. Silaha zangu si mbaya. Je, nishushe ugumu, nitafute leveli zaidi, au kuna kitu sikioni?"

Marahaba, ndugu yangu. Kipo kitu hukioni, na umekitaja mwenyewe bila kujua: "tunazidiwa kwa wingi." Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Kuanguka kwa Gale na kuponya kusikokwisha kwa Shadowheart ni homa tu inayotokana nao.

Gemu hii, iliyotolewa na Larian Studios ya Ubelgiji Agosti 2023, imejengwa juu ya kanuni za toleo la 5 la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons. Vita ni vya zamu: kila mmoja hucheza kwa zamu yake, na wote wakishapata zamu, raundi imekwisha. Kanuni hizo zina tabia moja ambayo ni lazima uielewe kabla hujahangaika na upanga mpya: adui aliyebakiwa na pointi 1 ya uhai anapiga kwa nguvu ileile ya adui mzima. Hachechemei, hachoki, mkono haumtetemeki. Kumjeruhi, peke yake, hakukupunguzii hatari hata chembe. Kinachokupunguzia hatari ni zamu ambayo adui hakuipata, iwe kwa kuwa amekufa, amelala, amegandishwa, ameteleza, au amemaliza mwendo wake wote akizunguka kikwazo ulichomwekea. Mimi nikiangalia pambano, mistari ya damu iliyo juu ya vichwa vya maadui naiangalia baadaye. Kwanza najiuliza: upande wao utapata zamu ngapi kabla jambo hili halijaisha, na nitazipunguza kwa njia gani?

Chukua karatasi tufanye hesabu ndogo. Kuna maadui wanne, kila mmoja ana uhai 40. Kikosi chako kina watu wanne, kila mmoja anatoa madhara 10 kwa zamu, na nyinyi ndio mnaoanza. Ukimpa kila mhusika wako adui wake, raundi tatu zitapita bila mtu kufa, na katika kila raundi maadui wote wanne watapiga. Wataanguka kwa pamoja raundi ya nne, wakiwa wameshawapiga mara 12. Sasa rudia, ila wote wanne mumpige mmoja hadi afe, ndipo mhamie kwa mwingine. Raundi ya kwanza anakufa mmoja na wanapiga watatu. Ya pili wanapiga wawili. Ya tatu anapiga mmoja. Ya nne hakuna. Jumla mapigo 6. Silaha ni zilezile na raundi ni zilezile nne, ila umepokea nusu ya mapigo. Tafadhali isome hesabu hii mara mbili, kwa sababu wachezaji wengi wanaoniandikia kwamba silaha zao ni dhaifu, ukichunguza, wanaitawanya nguvu yao ukumbi mzima.

Umpige nani kwanza? Watu hukimbilia bosi, na kwa Ragzlin kosa hilo huuma sana. Bosi ana uhai mwingi, kwa hiyo raundi mbili tatu utakazommiminia zinawaacha magoblini wote wanaomzunguka wakiwa hai wanapiga. Mimi huanza na yule ninayeweza kumuua raundi hii hii. Wakiwa wengi wa aina hiyo, namchagua ambaye zamu yake ingeniuma zaidi: mchawi wao, mpiga mishale aliyekaa mahali pa juu, au yule anayekimbilia ngoma ya vita kuita wenzake. Bosi namshughulikia kwa kumnyima zamu mpaka wadogo wake waishe.

Na usikisie uhai wala kinga ya mtu. Simamisha kielekezo juu ya adui uifungue karatasi yake. Utaona uhai, kinga, anachostahimili na kinachomwumiza. Inachukua sekunde tano, na mara nyingi sekunde hizo tano huniokolea raundi nzima.

Jambo linalofuata ni nani anaanza. Hapa Larian walibadilisha kitu ambacho wageni wengi hawakioni. Katika kanuni za mezani, mpangilio wa zamu huamuliwa kwa dadu la pande 20. Kwenye gemu hii ni dadu la pande 4, unajumlisha na nyongeza ya Dexterity, yaani wepesi wa mhusika. Angalia maana yake. Rogue wako, kama Dexterity yake ni 16, ana nyongeza ya 3, kwa hiyo anapata kati ya 4 na 7. Adui mwenye nyongeza ya 2 anapata kati ya 3 na 6. Mko karibu karibu, bahati inaamua. Lakini uwezo uitwao Alert unaongeza 5 nzima, na juu ya hapo unakuzuia kushtukizwa. Rogue huyohuyo sasa anapata kati ya 9 na 12, na adui yule hawezi kumtangulia hata dadu likimpendelea vipi. Kwenye dadu la pande 20 nyongeza ya 5 ni msaada mzuri. Kwenye dadu la pande 4 ni hukumu.

Wewe umefika leveli ya 4, leveli ambayo kila mhusika huchagua uwezo mmoja. Kama ulichagua kingine, nenda kambini kwa Withers, mpe vipande 100 vya dhahabu, umpange upya mhusika wako. Ningempa Alert Gale kabla ya mwingine yeyote. Mchawi anayetangulia anaufunga mlango kabla adui hajaupita, na mchawi anayechelewa anakuta wameshamzingira. Hiyo ndiyo hadithi yako ya kila raundi ya kwanza.

Kitu kingine kwenye mpangilio huo: wahusika wako wakifuatana bila adui katikati, zamu zao zinafunguka kwa pamoja na unaweza kuwabadilisha upendavyo. Shadowheart amwangushe adui, Lae'zel ampige akiwa chini, halafu urudi kwa Shadowheart amalizie mwendo wake. Wengi wanamaliza zamu ya mmoja kabla ya kumgusa mwingine, na hapo wanaitupa zawadi.

Sasa tuje kwenye kunyima zamu, moyo wa jibu langu. Majina ya uchawi nayaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

Shadowheart ana Command, uchawi wa leveli ya 1. Adui akirusha dadu la kujinusuru akashindwa, unamwamuru asimame tu, au apige magoti, au akimbie. Zamu yake imekwenda. Linganisha na kuponya. Cure Wounds inarudisha dadu moja la pande 8 pamoja na nyongeza yake, tuseme wastani wa 7 au 8. Kwenye Tactician pigo moja la mtu mzito linaweza kufuta zaidi ya hapo, na unabaki palepale ulipokuwa ila nafasi ya uchawi, ambazo una chache tu mpaka upumzike, imekutoka. Kuponya katikati ya vita ni kukimbizana na kivuli. Nakubali kuponya kwa hali moja: mwenzako ameanguka na unataka zamu yake irudi. Hapo tumia Healing Word, kwa sababu unamfikia kwa mbali na inakula kitendo cha ziada peke yake, kitendo chako kikuu kinabaki. Akisimama na uhai 5 anapiga sawasawa na mwenye 40, ile kanuni ya mwanzo ikifanya kazi upande wako. Dawa ya kunywa nayo hula kitendo cha ziada tu, kwa hiyo kila mtu abebe mbili tatu zake ajitibu mwenyewe.

Gale ana Grease na Sleep. Grease ni dimbwi la mafuta sakafuni: anayelipita anapunguzwa mwendo, na akiteleza ndani ya zamu yake mwenyewe, kilichobaki cha zamu hiyo kimepotea. Haidai umakini wa mchawi, maana yake Gale anaweza kuimwaga raundi ya kwanza na raundi ya pili akashika uchawi mwingine. Ila mafuta yanashika moto, hivyo mwenge au mshale wa moto ukipita hapo yatawaka, na hayachagui wako na wao. Sleep kwa leveli ya 1 inalaza maadui ambao jumla ya uhai wao haizidi 24, bila wao kurusha dadu lolote la kujinusuru. Ukiipiga mwanzoni kwa adui mwenye uhai mwingi hutaona kitu. Ipige pale goblini wawili walioumia wamebakiwa na 10 na 12, utawaona wote wawili wakilala. Kumbuka tu kwamba aliyelala akipigwa anaamka.

Kisha Hold Person, leveli ya 2, ambayo Gale na Shadowheart wote wanaweza kuipata. Inawashika wenye umbo la binadamu, na magoblini na Ragzlin wamo. Anayeshikwa anaganda: hana kitendo, hana mwendo, na pigo lolote linalompata kutoka ndani ya mita 3 linahesabiwa pigo la hatari, yaani dadu za madhara zinarushwa mara mbili. Nitakuonyesha chini kidogo inavyofanya kazi ukumbini.

Mkono wa pili wa hesabu hii ni kuongeza zamu zako. Spiritual Weapon ya Shadowheart, uchawi wa leveli ya 2, ni mpiganaji wa tano mwenye zamu yake, na maadui hupoteza mapigo wakiushambulia upanga wa hewani. Mage Hand ya Gale, mkono wa kichawi, ni hivyohivyo kwa kiwango kidogo. Adui akiupiga mkono ule, hilo ni pigo ambalo Gale hakulipata. Lae'zel ana Action Surge tangu leveli ya 2, kitendo kizima cha nyongeza ambacho kinarudi baada ya mapumziko mafupi. Kusukuma nako kunakula kitendo cha ziada tu. Wachezaji wengi wanamaliza zamu na kitendo hicho hakijaguswa! Kila zamu inapoisha, jiulize kama kitendo cha ziada kimetumika. Adui aliyesimama ukingoni mwa shimo lisilo na mwisho hafi kwa upanga, anakufa kwa msukumo mmoja, ingawa mara nyingi mali yake inakwenda naye.

Kuhusu dadu. Nafasi ya kupiga inaonyeshwa kwa asilimia kabla hujabofya, na watu huiona asilimia 65 wakadhani ndiyo hatima yao. Hiyo asilimia unaweza kuihamisha. Bless, uchawi wa Shadowheart, inaongeza dadu la pande 4 kwa kila shambulio, wastani wa 2.5, sawa na asilimia 12.5, kwa watu watatu, kila raundi, na inawasaidia kujinusuru pia. Kupiga mshale kutoka mahali pa juu kunaongeza 2, yaani asilimia 10, na kumpiga aliye juu yako kunakupunguzia kiasi hichohicho. Ukipata nafasi ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua kubwa, kama pale unapompiga kwa karibu aliyeanguka, au unapotoka mafichoni, 65 inakuwa karibu 88. Na ukilazimishwa kuchukua ndogo, kwa mfano unapopiga mshale huku adui amekusimamia ubavuni, ileile 65 inashuka hadi 42. Mshale uleule, upinde uleule. Rogue wako akikwambia anakosa kila mara, angalia kama kuna goblini amesimama pembeni yake.

Umakini nao una hesabu yake. Bless, Hold Person na nyingi za kushikilia zinadai umakini, na mtu mmoja anashika mmoja tu kwa wakati. Akipigwa anarusha dadu la kujinusuru kwa Constitution (ustahimilivu wa mwili), shabaha ni 10 au nusu ya madhara, lolote lililo kubwa. Mwenye nyongeza ya 2 ana asilimia 65 ya kuushika baada ya pigo moja dogo. Baada ya mawili ni 42. Baada ya matatu, 27. Kwa hiyo anayeshika uchawi mzito hatakiwi kuonekana na wapiga mishale hata kidogo. Na ugeuze upande: mchawi wa adui akiwa ameshika kitu, mtupie Magic Missile. Vishale vitatu visivyokosa, na kila kimoja kinamlazimisha arushe dadu.

Haya, twende ukumbini.

Kosa la kwanza, nadhani, linatokea kabla ya damu kumwagika. Unaingia na kikosi kizima, unazungumza na Ragzlin, mazungumzo yanavunjika, na vita vinaanza mkiwa wanne katikati ya sakafu, mmezungukwa pande zote na kila upinde unamwona Gale. Hakuna uchawi wa kukutoa hapo kirahisi. Safari hii usiingie. Watenganishe wahusika, waweke watatu nje ya mlango, pembeni, mahali ambapo aliye ndani hawezi kuwaona. Gale akae nyuma ya ukuta kabisa, hatua mbili tatu kutoka ukingo wa mlango. Lae'zel asimame upande wa pili wa mlango, upanga mkononi.

Shadowheart apige Bless kwa Lae'zel, Gale na Rogue. Inadumu zamu 10, na nje ya vita zamu moja ni sekunde 6, basi una dakika moja tu. Kisha Rogue achuchumae, ajifiche mlangoni, atoe mshale kwa goblini dhaifu aliye karibu zaidi. Pigo la kutoka mafichoni lina dadu mbili za nyongeza kwa leveli yako, na lina nafasi nzuri ya kumuua palepale. Maadui walioshtukizwa wanaikosa zamu yao ya kwanza. Hesabu mwenyewe: kabla hata hujapigwa, umeshawanyima kundi zima raundi moja.

Rogue akishapiga, arudi nyuma ya ukuta. Hapa ndipo ukumbi unapogeuka. Maadui hawamwoni mtu, kwa hiyo ni lazima wasogee, na njia ni mlango. Gale anamwaga Grease kizingitini, naye anarudi nyuma ya ukuta. Goblini wa kwanza anaingia, anateleza. Wa pili anateleza juu yake. Wa tatu anafika lakini mwendo umemwishia. Wapiga mishale waliokuwa mbali wanatumia zamu nzima kukimbia, hawajapiga. Lae'zel, aliyesimama nje ya dimbwi, anampiga aliye chini kwa nafasi ya dadu mbili. Shadowheart anaweka Spiritual Weapon pembeni ya mlango, na raundi inayofuata anatoa Command kwa yeyote aliyefanikiwa kuvuka. Usimwache Lae'zel aingie kwenye mafuta kwa pupa ya kufuata adui. Hilo limewaharibia wengi pambano walilokwisha kulishinda.

Ragzlin atakuja. Mwache aje mpaka awe karibu na Lae'zel, kisha Gale achungulie, apige Hold Person, na arudi. Utaona asilimia kabla ya kubofya. Ikiwa ndogo mno, acha Shadowheart ajaribu Command kwanza. Hold Person ikishika, fanya hesabu hii. Lae'zel kwa panga kubwa la mikono miwili anarusha dadu mbili za pande 6 na nyongeza ya 3, wastani wa 10. Kwa aliyegandishwa dadu zinakuwa nne, wastani wa 17. Akitumia Action Surge, ni mapigo mawili, 34. Rogue wako asogee karibu, ndani ya zile mita 3, kwa upanga mwembamba: dadu mbili za pande 8, dadu nne za pande 6 za pigo la kuvizia, na nyongeza ya 3, jumla wastani wa 26. Hayo ni madhara 60 katika raundi moja, kutoka kwa wahusika wawili wa leveli ya 4, bila silaha yoyote ya ajabu. Akinasuka mwishoni mwa zamu yake, uhai uliobaki ni wa kumaliziwa tu.

Je, itakwenda hivi hivi? Hapana, dadu ni dadu. Hold Person itakosa mara nyingine, goblini mmoja ataruka mafuta. Lakini hata ikiharibika utakuwa umeharibikiwa mlangoni, na njia ya kurudi nyuma iko wazi, tofauti na katikati ya ukumbi.

Kuna ushindi mwingine wa bei rahisi zaidi, nao unakuja kabla hujafika mlango ule. Adui ambaye hakuingia vitani kabisa, umemnyima zamu zake zote. Kuhani Gut ukizungumza naye vizuri anakupeleka chumbani kwake faraghani, mbali na kundi. Nje uwanjani magoblini wanasherehekea, na chombo chao kikubwa cha pombe unaweza kukitia sumu. Minthara, mkubwa mwingine wa kambi, unaweza kumfuata kwa wakati wako. Wakubwa hao watatu, Ragzlin akiwamo, hawalazimiki kupiganwa siku moja, na ukipumzika kati ya pambano moja na jingine, kila pambano unaliingia na nafasi zote za uchawi.

Hapo kwenye kupumzika nina neno. Kwenye Tactician mapumziko marefu yanadai chakula 80 badala ya 40, na naona wachezaji wanaogopa kulala kama vile chakula kitakwisha duniani. Kila unachookota chenye thamani ya chakula kipeleke kambini. Una mapumziko mafupi mawili kati ya usiku mmoja na mwingine. Tumia yote mawili. Kuingia kwa Ragzlin na Gale aliyebakiwa na nafasi moja ya uchawi ni kuingia na watu watatu.

Vivyo hivyo na karatasi za uchawi, mishale maalumu na chupa za kurusha zilizojaa mkobani mwako. Kwenye gemu hii mtu yeyote anaweza kusoma karatasi ya uchawi, hata Rogue, hata Lae'zel. Karatasi moja iliyosomwa na Rogue ni mchawi wa pili kwa zamu hiyo. Vitumie. Gemu inavirudisha kwa wingi, na sijawahi kufika mwisho nikakuta vimepungua. Chupa ya maji nayo usiidharau: adui aliyeloweshwa anaumizwa mara mbili na umeme na baridi. Ukifika leveli ya 5, Lightning Bolt, uchawi wa radi wa Gale wenye wastani wa 28 itakuwa 56 kwa anayeshindwa kujinusuru, kwa sababu ya chupa ya maji.

Sasa maswali yako mawili ya mwisho. Leveli: ndiyo, ya 5 ni mruko mkubwa kuliko yote ya mwanzo, na sababu ni ileile. Lae'zel anapata pigo la pili kwa kila kitendo, yaani umeongezewa nusu ya mhusika, na Gale anapata uchawi wa leveli ya 3. Kama kuna pembe za ramani hujazigusa, zipitie kwanza, maana kila ugunduzi una alama zake za kupandisha leveli. Lakini usiisubiri leveli ikufundishe. Anayepigana ovyo leveli ya 4 anafika ya 5 na tabia zilezile, na maadui wa mbele nao wana mapigo mawili.

Ugumu: kuushusha si aibu, gemu ni yako. Ila ningekuomba kwanza ujaribu mara tatu kwa utaratibu. Hifadhi mchezo nje ya mlango. Kila ukishindwa, usipakie upya papo hapo. Andika mambo mawili tu: nani wa kwanza kuanguka, na maadui walipata zamu ngapi katika raundi mbili za mwanzo. Halafu badilisha kitu kimoja peke yake, si vitano, ili ujue kilichosaidia. Mara ya kwanza badilisha mahali Gale anaposimama. Mara ya pili, mpe Alert. Mara ya tatu, mkataze Shadowheart kuponya mtu yeyote ambaye bado amesimama. Kama baada ya hapo bado ukumbi unakushinda, nitumie zile karatasi tatu, nitakuambia zamu zinavujia wapi.